Miaka 50 kwenye kiti kimoja: Mkuu wa chuo anayeandika kuhusu opera, na swali la fedha za wafadhili

Mwaka 1975, kijana wa miaka 28 alikabidhiwa chuo kidogo karibu na mto Hudson, katika jimbo la New York nchini Marekani. Wakati huo Tanzania ilikuwa chini ya Mwalimu Nyerere, Kenya chini ya Mzee Jomo Kenyatta, na Msumbiji ilikuwa ndiyo kwanza inapata uhuru.

Mwaka 2025 ulipofika, kijana huyo alikuwa mzee wa miaka 78, na bado alikuwa kwenye kiti kilekile.

Jina lake ni Leon Botstein, na chuo chake kinaitwa Bard. Katika miaka hiyo 50 hakukaa ofisini tu. Ameongoza okestra, ameandika vitabu na insha kuhusu muziki, na amefufua opera ambazo dunia ilikuwa imezisahau. Chini ya uongozi wake, chuo kilipeleka masomo ya shahada magerezani. Amechangisha mamilioni mengi ya dola, na baadhi ya fedha hizo zimemletea maswali mazito.

Msikilizaji, unaweza kujiuliza: mambo ya chuo cha Marekani na opera yananihusu nini mimi niliye kijijini? Fuatana nasi. Mwisho wa yote, hii ni habari ya shule, fedha za michango na kiongozi asiyeondoka. Hayo matatu tunayajua vizuri.

Leon Botstein ni nani?

Alizaliwa Desemba 1946 mjini Zürich, Uswisi. Wazazi wake walikuwa madaktari, Wayahudi wenye asili ya Poland. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha mwaka mmoja tu kabla, na Wayahudi wengi wa Poland walikuwa wameuawa. Familia ilihamia New York mwaka 1949, mtoto akiwa na miaka miwili.

Alisoma sekondari ya muziki na sanaa jijini New York na kumaliza akiwa na miaka 16. Akasomea historia katika Chuo Kikuu cha Chicago, kisha akaenda Harvard. Huko Harvard alichunguza jinsi wakazi wa mji wa Vienna walivyousikiliza na kuuelewa muziki zamani. Shahada yake ya uzamivu aliipata mwaka 1985, alipokuwa tayari ameongoza Bard kwa miaka kumi.

Kabla ya Bard alikuwa ameshapewa chuo kingine. Mwaka 1970, akiwa na miaka 23, alifanywa mkuu wa Chuo cha Franconia katika jimbo la New Hampshire. Hakuna aliyekuwa mkuu wa chuo Marekani akiwa na umri mdogo kuliko huo.

Chuo cha Franconia kilikuwa na matatizo ya fedha. Botstein aliondoka mwaka 1975, na miaka mitatu baadaye kikafungwa kabisa. Kwa hiyo mapema katika kazi yake aliona kwamba chuo kinaweza kuwa na walimu hodari na wanafunzi wenye bidii, lakini fedha zikikosekana, milango inafungwa.

Mkuu wa chuo cha Marekani hufanya kazi gani?

Marekani humwita mkuu wa chuo "rais". Kwa kazi zake, huku kwetu tungemlinganisha na makamu mkuu wa chuo kikuu. Lakini kuna tofauti kubwa.

Chuo kikuu cha umma cha Kenya au Tanzania hupata sehemu ya bajeti yake serikalini, na wanafunzi wengi husoma kwa mkopo wa bodi ya mikopo. Kiongozi wake huteuliwa kwa kipindi maalum, na kipindi kikiisha huja mwingine.

Bard ni chuo binafsi. Kilianzishwa mwaka 1860 kama chuo cha kanisa la Kiepiskopali, na hakimilikiwi na serikali. Kinaongozwa na bodi ya wadhamini, ambayo ndiyo humwajiri mkuu wa chuo na ndiyo inayoweza kumwondoa. Ikiridhika naye anaweza kukaa muda mrefu.

Na jambo linaloiridhisha bodi kuliko mengine mengi ni fedha. Mkuu wa chuo binafsi cha Marekani hutumia sehemu kubwa ya muda wake akitafuta wafadhili. Hula nao chakula cha jioni, huwatembelea nyumbani na kuwaeleza kwa nini chuo chake kinastahili kusaidiwa. Ni kama mwalimu mkuu ambaye kila wiki ana harambee.

Opera ni nini, na kwa nini anaihangaikia?

Opera ni tamthilia ambayo maneno yake huimbwa badala ya kusemwa, huku okestra ikipiga. Mtu akigombana na jirani yake, anaimba. Akifa, anakufa akiimba. Ilianzia Italia zaidi ya miaka 400 iliyopita. Kuiandaa ni gharama kubwa, kwa sababu inahitaji waimbaji, wapigaji wengi, mavazi, jukwaa na miezi ya mazoezi.

Botstein ni kondakta wa okestra, naye si kondakta wa daladala au matatu. Ni yule anayesimama mbele ya wapigaji na kuwaongoza kwa mkono. Mwaka 1992 alianza kuongoza American Symphony Orchestra ya New York, na kuanzia 2003 hadi 2011 aliongoza pia okestra ya Jerusalem. Tangu mwaka 1992 vilevile amekuwa mhariri wa jarida la kitaaluma la muziki liitwalo The Musical Quarterly.

Katika maandishi yake kuna hoja moja inayorudi mara kwa mara. Majumba makubwa ya opera hurudia kazi zilezile chache mwaka hadi mwaka. Wasikilizaji wanadhani zile zisizochezwa zimeachwa kwa sababu ni mbovu. Botstein anasema hapana. Nyingi zimezikwa na siasa, vita, ubaguzi au mabadiliko ya mitindo. Anayetaka kujua historia ya jamii, anasema, azisikilize na zile zilizosahauliwa.

Hakuishia kuandika. Mwaka 1990 alianzisha tamasha la muziki chuoni Bard, na kila mwaka tamasha hilo huchagua mtunzi mmoja na kumchunguza yeye na zama zake. Mwaka 2003 chuo kikafungua jumba la maonyesho lililobuniwa na msanifu maarufu Frank Gehry. Humo, kila kiangazi, huonyeshwa opera ambayo ni nadra kuiona kwingine.

Mfano mmoja utaeleweka haraka na msikilizaji wa pwani. Mwaka 2015 walionyesha opera ya Ethel Smyth, mwanamke Mwingereza aliyepigania pia haki ya wanawake kupiga kura. Inaitwa The Wreckers na ilionyeshwa mara ya kwanza Leipzig, Ujerumani, mwaka 1906. Ni hadithi ya kijiji cha pwani ambacho watu wake huacha meli zipotee njia usiku na kugonga miamba, kisha hupora mizigo. Wanaamini kwamba Mungu ndiye anayewaletea riziki hiyo. Wapenzi wawili wanawasha moto ili kuzionya meli. Kijiji kinawahukumu kufa kwa kuwafungia pangoni, maji ya bahari yakijaa.

Opera hiyo ilichukua zaidi ya miaka 100 tangu ilipotungwa kabla ya kuonyeshwa kikamilifu jukwaani Marekani. Kwa Botstein, mambo kama hayo ndiyo ushahidi wa hoja yake.

Alibadilisha nini katika elimu?

Hoja yake kuhusu opera inafanana na hoja yake kuhusu wanafunzi: usiseme kitu hakina thamani kabla hujakipa nafasi.

Mwaka 1997 alichapisha kitabu kiitwacho Jefferson's Children. Humo alisema sekondari ya Marekani imepitwa na wakati, kwa sababu kijana wa miaka 16 anaweza kusoma masomo ya chuo, lakini anabakizwa darasani miaka miwili zaidi bila sababu ya maana. Mwaka 2001 Bard, kwa kushirikiana na serikali ya jiji la New York, ilifungua shule ya umma isiyotoza ada. Mwanafunzi husoma miaka miwili ya sekondari, kisha miaka miwili ya masomo ya chuo palepale, na humaliza akiwa na diploma ya sekondari na shahada ya awali ya miaka miwili. Baadaye shule za namna hiyo zilifunguliwa katika miji mingine.

Jambo la pili ni magereza. Mwaka 1994 sheria mpya ya Marekani iliwaondolea wafungwa haki ya kupata ruzuku ya serikali kuu ya kusomea chuo, na programu nyingi za elimu ya juu magerezani zikafa. Mwaka 1999 mwanafunzi wa Bard, Max Kenner, alianza mpango wa kupeleka masomo ya chuo gerezani. Botstein na chuo chake wakaukubali na kuubeba. Wafungwa hufundishwa na maprofesa na hutunukiwa shahada za Bard.

Mwaka 2015 wafungwa wanaosoma kupitia mpango huo walishindana katika mdahalo na timu ya Chuo Kikuu cha Harvard. Hawakuwa na intaneti, na utafiti wao waliufanya kwa vitabu na makala zilizoletwa gerezani. Tena walipangiwa kutetea upande ambao wenyewe hawakuuamini: kwamba shule za umma ziruhusiwe kuwakataa wanafunzi wasio na vibali vya kuishi nchini. Waamuzi wakawapa ushindi wafungwa. Ruzuku ile ya serikali ilirudishwa rasmi kwa wafungwa mwaka 2023.

Mikono ya Bard imefika pia Afrika Mashariki. Kupitia mtandao wa vyuo uliofadhiliwa na taasisi ya George Soros, Bard imeshiriki kupeleka masomo ya ngazi ya chuo kwa wakimbizi, wakiwemo wa kambi ya Kakuma nchini Kenya.

Fedha zilitoka wapi?

Hapa ndipo penye uzito wa habari hii.

Kusoma Bard, ukijumlisha ada, malazi na chakula, hugharimu zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka. Wanafunzi wengi hawawezi kulipa kiasi hicho, hivyo chuo huwapunguzia. Pengo hilo lazima lizibwe na mtu.

Vyuo tajiri vina mfuko wa kudumu. Fikiria ng'ombe wa maziwa: unakunywa maziwa, humchinji ng'ombe. Fedha za mfuko huwekezwa, na kila mwaka chuo hutumia sehemu ndogo tu, mara nyingi asilimia 4 au 5. Mfuko wa Harvard ni zaidi ya dola bilioni 50. Bard, kwa miaka mingi ya Botstein, ilikuwa na ng'ombe mdogo sana. Iliishi kwa michango ya mwaka hadi mwaka. Mkuu alikwenda kuomba, akapata, zikatumika, akarudi tena kuomba.

Mabadiliko yalikuja Aprili 2021. Taasisi ya Soros, tajiri mzaliwa wa Hungaria, ilitangaza kuipa Bard dola milioni 500 kwa ajili ya mfuko wa kudumu, kwa sharti kwamba chuo nacho kitafute milioni 500 nyingine. Jumla ingekuwa dola bilioni 1. Ukitumia asilimia 5 ya hizo, ni dola milioni 50 kila mwaka bila kugusa mtaji.

Lakini zawadi huja pamoja na jina la mtoaji. Soros ana maadui wengi wa kisiasa, na taasisi yake ilipigwa marufuku Urusi mwaka 2015. Juni 2021, miezi miwili baada ya tangazo lile, mwendesha mashtaka mkuu wa Urusi aliitangaza Bard kuwa "taasisi isiyotakiwa", akidai inahatarisha katiba na usalama wa nchi. Ushirikiano wa zaidi ya miaka 20 kati ya Bard na chuo kikuu cha umma cha St. Petersburg ukakatika. Waliopoteza zaidi ni wanafunzi na walimu wa Urusi.

Suala la Jeffrey Epstein

Mfadhili mwingine alileta doa zito zaidi. Jeffrey Epstein alikuwa tajiri wa New York. Mwaka 2008 alikiri mahakamani Florida kosa lililohusu kumtafuta msichana mdogo kwa ajili ya ukahaba. Mwaka 2019 alikamatwa tena kwa tuhuma za kusafirisha wasichana kwa ajili ya ngono, na alifia gerezani akisubiri kesi.

Mwaka 2023 gazeti la Wall Street Journal liliripoti kwamba Botstein alikutana na Epstein mara nyingi baada ya hukumu ile ya 2008. Iliripotiwa pia kwamba mwaka 2016 Botstein alipokea dola 150,000 kutoka kwa taasisi iliyohusiana na Epstein.

Botstein alijitetea. Alisema alikuwa akifanya kazi yake ya kutafuta fedha za chuo, na kwamba zile dola 150,000 aliziingiza Bard kama sehemu ya mchango wake mwenyewe ambao ulikuwa mkubwa zaidi. Katika taarifa hizo hakutuhumiwa kushiriki uhalifu wa Epstein.

Hata hivyo swali halikufutika. Hukumu ya 2008 haikuwa siri. Mtu anayeongoza vijana, wengi wao wasichana wa miaka 18 na 19, alikwendaje mara kwa mara nyumbani kwa mtu aliyehukumiwa kwa kosa la kumtaka msichana mdogo? Wanaomtetea husema mchangishaji hawezi kuchagua kila mkono unaotoa. Wanaomlaumu husema kuna mikono ambayo hata ukiwa na njaa unaikataa, kwa sababu anayepokewa kwa heshima na chuo huazima heshima ya chuo hicho.

Sisi tunaona hoja ya pili ina nguvu zaidi. Tajiri wa namna hiyo hatoi bure hata kama hadai chochote kwa maandishi. Anachonunua ni kuonekana mtu mwema, na gharama yake huwaangukia waathirika, wanaomwona mtesi wao akikaa na wasomi.

Miaka 50: ni nguvu au udhaifu?

Faida za kukaa muda mrefu zinaonekana. Shule za vijana wa miaka 16, mpango wa magereza na opera zilizosahauliwa si mambo ya kipindi cha miaka mitano. Yanahitaji mtu anayepanda mbegu na kubaki kuipalilia. Vyuo vidogo vingi vya binafsi Marekani vimefungwa miaka ya karibuni kwa kukosa wanafunzi na fedha, lakini Bard imevuka miaka hiyo ikiwa hai.

Hasara nazo zipo. Mtu akikaa miaka 50, karibu kila mwalimu anayemwona kazini aliajiriwa chini yake. Wajumbe wa bodi inayopaswa kumsimamia wanaingia wakimkuta. Wafadhili wanamjua yeye kuliko wanavyokijua chuo. Siku akihitaji kuambiwa "hapana, huyo usiende kumwomba", nani atathubutu kusema?

Kuna na hatari ya mwisho, ile ya kuondoka. Nyumba iliyojengwa juu ya nguzo moja huwa salama mpaka siku nguzo inapotikisika. Kwa maana hiyo, mfuko wa kudumu wa Bard unaweza kuwa kazi muhimu kuliko zote alizofanya, maana ndio utakaokiwezesha chuo kuishi bila yeye.

Hili linatuhusu vipi?

Shule nyingi za vijijini kwetu zimejengwa kwa michango na harambee. Mwalimu mkuu anayejua kuomba tunamsifu, na ni haki yake, kwa sababu bila yeye watoto wangesomea chini ya mti. Lakini safari ya Botstein inatuachia mambo manne ya kuuliza kwenye kikao cha kamati ya shule.

Kwanza, mabati na saruji vimetoka kwa nani, na mtoaji anataka jina lake litukuzwe kwa sababu gani?

Pili, kamati ina uwezo wa kukataa mchango, au kazi yake ni kupiga makofi tu?

Tatu, mwalimu mkuu akihamishwa kesho, shule itaendelea au itasimama?

Nne, ni nani tuliyemhukumu mapema kwamba hawezi kusoma? Wafungwa wa New York walionyesha kwamba kipaji hakikosekani gerezani, kilichokosekana ni mwalimu. Yawezekana ndivyo ilivyo kwa yule binti aliyeacha shule na yule kijana anayechunga ng'ombe.

Uongozi wa Botstein una mazuri makubwa na makosa ya kweli. Mazuri yake hayafuti makosa, na makosa yake hayaondoi shahada mkononi mwa mfungwa aliyeisomea. Chuo, kama shule ya kijiji, ni mali ya wanaosoma humo. Kwa hiyo anayekiongoza, hata akikaa miaka 50, anapaswa kuulizwa maswali kama anavyoulizwa aliyeingia jana.